Kifua kinabana? Twende mdogo mdogo!

Wale mlioniandikia mkitaka mwendelezo wa yale mazoezi ya kuondoa kitambi, naomba mnivumilie kidogo. Vitambi vyenu havikimbii, wiki ijayo mtavikuta palepale. Leo nina jambo limenikaa kifuani, na kifua chenyewe si changu, ni cha shangazi yangu.

Hebu nikuulize. Pale kwenu hakuna mtu anayekohoa kila alfajiri mpaka majirani wanamtumia kama saa ya kuamkia? Mtu ambaye akitoka chumbani kwenda uani anashika ukuta, anahema utadhani katoka Kibaha kwa miguu? Halafu nyie mnamwambia nini? "Mama, kaa." "Babu, pumzika." Akinyanyua ndoo mnamnyang'anya. Akishika fagio kelele nyumba nzima. Eti huo ndio upendo. Na sisi kwetu tulikuwa na upendo huohuo, tena wa kumwaga, na nusura utuulie mtu.

Shangazi yangu alikuwa mama ntilie. Siyo mama ntilie wa siku hizi mwenye mtungi wa gesi na meza za plastiki, la hasha. Huyu alipikia kuni na mkaa kwenye kibanda cha mabati karibu na stendi, miaka zaidi ya 20, wali maharage, ugali samaki, asubuhi supu. Mafiga matatu, moshi wote unamwingia yeye. Sigara hajawahi kutia mdomoni hata siku moja. Halafu katikati hapo akaugua kifua kikuu, akameza dawa miezi yake 6 bila kuruka hata siku, akapona, akapewa na karatasi yake ya kuonyesha amepona. Tukachinja kuku.

Lakini kifua hakikurudi. Pumzi fupi, makohozi kila siku, akipanda ngazi tatu anatafuta pa kukaa. Tukazungushwa huku na kule, mara pumu, mara presha, mpaka akapulizishwa kwenye ile mashine ya kupima nguvu ya pumzi na kupigwa picha. Jibu likawa kwamba ana ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, na juu yake kuna makovu yaliyoachwa na kifua kikuu. Hauponi, ila unatunzwa. Akapewa pampu ya kuvuta na maelekezo.

Usije ukadhani ni mambo ya shangazi yangu peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huu wa njia za hewa kubanana uliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021, ukashika nafasi ya 4 kati ya vinavyoua binadamu. Na katika wale wanaokufa nao kabla ya kufikisha miaka 70, karibu 90 katika kila 100 wanatoka nchi za kipato kidogo na cha kati. Yaani kwetu huku, kwenye majiko ya kuni, mavumbi na sigara za kuuziwa mojamoja.

Basi shangazi akakaa. Kwanza aliacha kwenda sokoni. Mwezi uliofuata akaacha kwenda kwa jirani. Halafu akawa anaoga amekaa kwenye kigoda. Mwishowe mjukuu akawa anampelekea chakula kitandani, na sisi tunasifiana kwamba tunamtunza vizuri. Kadiri alivyokaa ndivyo alivyozidi kuhema kwa kitu kidogo. Akihema anaogopa, akiogopa anakaa, akikaa miguu inanyauka. Mzunguko huo ukaenda karibu mwaka mzima.

Sasa hapo ndipo alipojitokeza bingwa, yaani mimi.

Unanijua mimi na mazoezi. Kila Jumamosi nipo na jogging klabu yetu, fulana za njano, mistari miwili, filimbi mbele, nyimbo nyuma, daladala zinatupisha. Siku moja nikasoma mahali kwamba mazoezi yanasaidia wagonjwa wa mapafu. Nikasoma mistari miwili tu, sikumaliza. Alhamisi nikamwendea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, Jumamosi nakuchukua tukanyooshe miguu."

Akacheka mpaka akakohoa. Lakini shangazi hajawahi kunikatalia kitu tangu nizaliwe. Jumamosi saa 12 asubuhi, kwenye kaubaridi, nikamtoa na kanga zake mbili na raba nilizomwazima dada. Nikamwambia sisi tutakuwa nyuma kabisa, taratibu. Taratibu ya nani? Filimbi ikalia, kundi likaondoka, na yeye kwa kutotaka kuniangusha akaongeza hatua. Hatukufika hata mita 100. Akasimama, akashika magoti, midomo ikabadilika rangi, macho yakawa makubwa. Pampu yake? Iko nyumbani, juu ya kabati.

Nilimpakia kwenye bajaji huku naomba dua zote ninazozijua na nyingine nikizitunga. Kule wakampa oksijeni na dawa ya mvuke, mchana akawa anaongea. Baba yangu hakunisemesha siku 3. Mama yeye alinisemesha sana, na afadhali angenyamaza. Ukoo mzima ukapitisha azimio kwamba shangazi asinyanyuke tena, na mimi nisimkaribie na raba.

Sasa msomaji wangu, kama mambo yangeishia hapo nisingekuandikia. Wiki 3 baadaye alirudi kliniki, na daktari akamwandikia aende kwa fizio. Baba akagoma. Daktari akamwita ndani, wakaongea dakika 10, baba akatoka ameinamisha kichwa na kusema haya, lakini huyu bwana wa fulana za njano aende naye akajifunze adabu. Ndivyo nilivyoingia darasani.

Fizio mwenyewe kijana tu, pengine ananizidi miaka minne. Nikamweleza kila kitu, hata habari ya raba. Nilijua atanitoa nje. Akaniambia, "Kumtoa ndani hukukosea. Umekosea mwendo, umekosea muda, umesahau dawa." Halafu akamgeukia shangazi: "Mama, leo sikukimbizi. Leo nakupima tu."

Kipimo chenyewe ni rahisi hadi unashangaa. Ukumbi wa mita 30, koni mbili kama zile za trafiki, kiti pembeni. Mgonjwa anatembea kwenda na kurudi kwa dakika 6, mwendo anaoumudu yeye mwenyewe. Akichoka anasimama, akitaka anaegemea ukuta, ila saa haisimami. Mwisho unahesabu mita. Mtu mzima asiye na tatizo anapita mita 400 bila jasho. Shangazi alipata 180, na alisimama mara mbili. Kidoleni alibanwa kale kadude kanakosoma oksijeni na mapigo ya moyo.

Nikauliza swali la kijinga ambalo hata wewe unalo: mapafu yameharibika, mazoezi yatayatengenezaje? Akasema hayatayatengeneza. Kovu ni kovu. Kinachotengenezwa ni miguu. Mimi baiolojia nilipata D, kwa hiyo alinieleza kwa gari. Chukua injini ndogo ya Vitz. Huwezi kuifanya iwe ya Land Cruiser. Lakini kama tairi hazina upepo na breki zinashika, hata hiyo nguvu ndogo inapotea bure. Misuli ya paja iliyolala mwaka mzima ni tairi isiyo na upepo. Inatumia hewa vibaya, inamwaga asidi kwenye damu mapema, na ile asidi inaamuru mapafu yapumue zaidi. Misuli ikizoezwa, kazi ileile inadai hewa kidogo. Mapafu ni yaleyale, deni ndilo limepungua.

Hapo nikaelewa. Na akaendelea na lingine ambalo lilinichekesha kwa sababu ni maisha yetu ya kila siku. Anasema kwa wagonjwa hawa shida kubwa siyo hewa kuingia, ni hewa kutoka. Njia zimebana, kwa hiyo hewa ya zamani inabaki ndani. Ni kama daladala ambayo konda anapakia tu kila kituo na hakuna anayeshuka. Mtu akipata hofu anahema harakaharaka, maana yake anaongeza abiria kwenye gari lililojaa. Dawa yake ni kushusha kwanza. Vuta hewa kwa pua, taratibu, hesabu moja, mbili. Kisha kunja midomo kama unapuliza chai ya moto, toa hewa hesabu moja mpaka nne. Usisukume kwa nguvu. Upulize kiasi cha kuuchezesha mwali wa mshumaa, siyo kuuzima.

Shangazi akasema, "Kupuliza? Mimi nimepuliza jiko miaka 20." Fizio akamjibu, "Lile jiko ulikuwa unalipuliza kwa hasira mama, sasa puliza kwa mapenzi." Wakacheka wote wawili. Ndiyo siku ya kwanza kumsikia shangazi akicheka bila kuishia kwenye kikohozi.

Zamani, kwa taarifa yako, hata madaktari walikuwa upande wa baba yangu. Mgonjwa wa kifua alilazwa na kuambiwa asijichoshe. Hata Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, ilianza miaka ya 1920 enzi ambazo mapumziko na hewa safi ndiyo yalikuwa tiba kubwa ya kifua kikuu, vidonge vilikuwa havijagunduliwa. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani, Alvan Barach, akaandika na wenzake kwamba wagonjwa wa mapafu waliotembezwa huku wakipewa oksijeni walipata nafuu. Hawakumsikiliza sana. Miaka ya 1960 Thomas Petty kule Denver akaanzisha mpango kamili wa mazoezi na mafunzo kwa wagonjwa hawa, na huo ndio ulioshika. Leo hakuna ubishi tena. Mwaka 2015 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 3,822, wakasema faida iko wazi kiasi kwamba hakuna haja ya kuendelea kupima kama mazoezi yanashinda matibabu ya kawaida peke yake. Yanashinda, basi.

Kama unasema hayo ni ya Wazungu na viyoyozi vyao, njoo hapa jirani Kampala. Mulago walichukua watu 34 waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na mapafu mabovu, yaani akina shangazi kabisa, wakawafanyisha mazoezi mara 2 kwa wiki kwa wiki 6. Watu 29 waliendelea mpaka vipimo vya mwisho. Kwenye kipimo chao cha kutembea, kutoka mita kama 300 wakafika zaidi ya 370. Ripoti ilitoka mwaka 2017. Nilipomsomea baba hiyo, alisema "Kampala, eh?" na kuomba chai. Kwa baba yangu hilo ni sawa na kuomba radhi.

Sasa nije kwenye zoezi lenyewe, maana najua kuna mtu kashaanza kutafuta raba.

Neno erobiki lisikutishe. Wengi wetu tukilisikia tunaona gym yenye vioo, muziki unapasua masikio na dada mmoja anaruka juu chini. Erobiki ni mwendo wowote unaotumia misuli mikubwa, kwa mdundo mmoja, kwa muda, mpaka moyo na pumzi vinapanda kidogo. Kutembea ni erobiki. Baiskeli ya kusimama ni erobiki. Kukaa kwenye kiti ukaipiga miguu chini kwa zamu ukifuata taarabu ni erobiki, na hiyo ndiyo shangazi anaipenda kuliko zote, mabega yanacheza bila kuambiwa.

Alianza na dakika 5. Ndiyo, tano tu. Tena zilikatwa vipande: dakika moja anatembea, dakika moja anapumzika kwenye kiti. Kabla ya hapo, kama robo saa hivi, anavuta pampu yake kama alivyoandikiwa. Halafu anazungusha mabega, anakunja vifundo vya miguu, anaupasha mwili moto. Kila baada ya siku chache tunaongeza dakika moja au tunapunguza kupumzika, moja kati ya hayo, siyo yote mawili kwa mpigo. Kufika wiki ya nne alikuwa na dakika 15 na vituo viwili. Lengo ni 20 mpaka 30, siku nyingi za wiki, na mara 2 kwa wiki kule kwa fizio kwa muda wa wiki 8.

Utajuaje kama ni kidogo au kimezidi? Hapa ndipo palipo na utamu wote. Kuna kipimo alichobuni msomi wa Sweden, Gunnar Borg, unajipa alama mwenyewe kutoka 0 mpaka 10 jinsi unavyohema. Sifuri ni kama umekaa unaangalia tamthilia. Kumi ni ile siku ya fulana za njano. Unatakiwa ucheze kwenye 3 na 4. Chini ya hapo unapoteza muda, ukikaribia 6 punguza mwendo. Shangazi namba hazikumkaa, akazibatiza majina yake: 3 ni ndoo nusu, 4 ni ndoo tele, 6 ni ndoo tele na mtoto mgongoni. Siku hizi nikimuuliza "Vipi shangazi?" ananijibu "Ndoo nusu," tunaendelea.

Njia nyingine ni ya mdomo tu. Akitembea awe anaweza kukujibu sentensi fupi. Kama anaweza kuimba, aongeze hatua. Kama anajibu kwa kichwa, simama. Kusimama siyo aibu: aegemee mbele, mikono juu ya magoti au juu ya ukuta mfupi, mabega yalegee, apulize ile chai yake ya moto mpaka pumzi irudi. Na kwenye kilima au ngazi, atoe hewa wakati anapanda, avute wakati amesimama. Sisi tulikuwa tunafanya kinyume, tunabana pumzi mpaka juu.

Jambo moja nililodharau ni mikono. Kumbe kunyanyua mikono juu kunawakata pumzi kuliko hata kutembea, kwa sababu misuli ya shingo na mabega wanaitegemea kuvuta hewa. Ndiyo maana mama anaweza kukaa vizuri tu halafu akianika nguo anatweta, nyie mnasema anajidekeza. Fizio akampa chupa mbili za maji za nusu lita, anazinyanyua mpaka usawa wa mabega mara 8, anapumzika, anarudia. Na kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika, mara 5, baadaye 10. Zoezi hilo la kiti lijaribu na wewe mwenye miaka 22 leo usiku, mara 20 mfululizo, ndipo utaacha kumcheka mtu.

Halafu wapi na saa ngapi. Barabarani kwenye vumbi na moshi wa malori, hapana. Jua la saa 7 mchana, hapana. Alfajiri kwenye ubaridi kama ule niliomtoa mimi, hapana kwa wengi wao. Sisi tunatumia saa 3 asubuhi, uani, kutoka mlangoni mpaka kwenye mwembe wa jirani, mita 25 nilizipima kwa kamba. Mvua ikinyesha anatembea koridoni huku wapangaji wanampisha na kumhesabia.

Sasa nisikilize hapa bila utani. Kabla ya lolote, mgonjwa wako aonwe na daktari. Siyo kila anayehema ana mapafu, wengine ni moyo, wengine damu imepungua, na wengine wana kifua kikuu ambacho bado kinawaka, huyo kwanza atibiwe. Siku ana homa, au makohozi yamekuwa mengi na kubadilika rangi, au pampu haimshiki kama kawaida, mazoezi yanasubiri na hospitali haisubiri. Katikati ya zoezi akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo unakimbia ovyo, akitema damu au midomo ikibadilika rangi, mnaacha palepale na kwenda kuonwa. Kale kadude ka kidole, sisi tulipewa mstari wa 88: kikisoma chini ya hapo, unakaa. Wako apewe mstari wake na daktari wake. Wenye kutumia oksijeni nao wanafanya mazoezi, ila kipimo cha oksijeni anapanga mtaalamu, siyo shemeji.

Na moshi. Huwezi kumtembeza mtu nusu saa uani halafu jioni ukamrudisha kwenye jiko la mkaa ndani ya chumba kimoja. Serikali yetu ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, inataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mwaka 2034 ni mbali kwa mapafu ya mtu. Sisi tulichanga, mimi nikauza spika zangu kubwa (nyie mnaozijua mnajua uchungu wake), tukanunua mtungi mdogo na jiko la sahani mbili. Shangazi anasema chakula cha gesi hakina ladha. Anakula hivyohivyo.

Nisikudanganye kwamba amekuwa mwanariadha. Kwenye masika alipata maambukizi ya kifua, akalala siku 9, na alipoamka miguu ilikuwa imerudi nyuma karibu kote tulikotoka. Siku hiyo alilia. Akaniambia, "Mwanangu, mimi na huu mwembe basi." Nikampigia fizio, akasema ndivyo ulivyo ugonjwa wenyewe, na kwamba wanaoanza tena mapema baada ya kuugua ndio wanaopunguza safari za kurudi wodini. Tukaanza tena na dakika 5. Nilimkuta siku ya tatu yuko uani peke yake, hakunisubiri, anapuliza chai yake.

Mwisho wa wiki 8, ambazo kwa sababu ya masika zikawa 12, alirudi kwenye ule ukumbi wa koni. Mita 245. Alisimama mara moja tu, na aliposimama alimwambia fizio aache kumwangalia kama mtihani wa taifa. Mita 65 zaidi. Kwako wewe ni kutoka kituoni mpaka kwa muuza chipsi. Kwake ni kwenda msalani mwenyewe, kuoga amesimama, na kufika genge la kona kugombana bei ya nyanya bila kumtuma mtoto. Wale wa genge wanasema kheri angeendelea kukaa.

Baba siku hizi anatembea naye Jumapili. Hajasema kitu kuhusu zile siku 3, na mimi sijamkumbusha.

Jumamosi hii sitakuwa na fulana za njano. Shangazi anataka kufika stendi, pale kilipokuwa kibanda chake, amuone yule binti aliyemwachia biashara anapikaje. Kutoka nyumbani ni mita kama 400. Vituo tumeshapanga viwili, kimoja chini ya mwarobaini wa msikitini, kingine dukani kwa mangi ambaye ameahidi kutoa benchi nje. Saa 3 kamili, pampu iko kwenye mfuko wa kanga, na kigoda nabeba mimi.